Miti Shamba na Virusi: Karatasi Niliyompa Mjomba

(Mada hii ilitolewa kwa vijana na familia zao Kibera, kabla ya futari, na ikarudiwa wiki iliyofuata Kawangware. Imeandikwa karibu na jinsi ilivyosemwa.)



Alhamdulillah, sifa zote njema ni za Allah (S.W.T.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na sahaba zake. Ama baad.

Wazee wangu, mama zangu, ndugu na dada zangu. Nimepewa nusu saa, na tena ile nusu saa ya mwisho kabla ya adhana. Najua mtu aliyefunga akiwekewa msemaji saa kumi na mbili jioni, jicho haliko kwa msemaji, liko kwa saa ya ukutani, na pua iko kule nje wanakokaanga kaimati. Kwa hivyo nitajaribu kwenda moja kwa moja.

Mada niliyopewa ni miti shamba na magonjwa ya virusi. Ningeweza kuja na majina ya kisayansi, maanake mimi nasoma kemia, niwachanganye mseme mashallah kijana amesoma. Lakini nitaanza na kosa langu mwenyewe, na mwenye kisa amenipa ruhusa.

Mwaka 2022 mjomba wangu, fundi wa kushona huko Kawangware, alikwenda kumtolea damu jamaa yetu aliyekuwa akifanyiwa operesheni. Damu ikapimwa, akaitwa pembeni. Akaambiwa ana hepataitisi B, yaani homa ya ini aina ya B, arudi kliniki apimwe zaidi. Mjomba hakuwa anaumwa na chochote. Anakula, anashona, anacheza na watoto. Akaona hawa wanamtafutia ugonjwa. Kisha akaenda kwa duka moja la dawa za kienyeji, akaambiwa ipo dawa ya kusafisha ini, chupa moja shilingi elfu moja na mia tano, anywe asubuhi na jioni mpaka atakapoambiwa basi.

Mimi ndio nilikuwa nimeingia chuo, mwaka wa kwanza, na kila mtu nyumbani alikuwa ananiuliza maswali kama kwamba nimeshakuwa daktari. Mjomba akaniuliza, "Wewe msomi, hii dawa ni kweli?" Nikaingia cyber, nikatafuta, nikapata muhtasari wa utafiti uliochapishwa katika jarida la Lancet la Uingereza mwaka 1988. Watafiti wa Madras, India, waliwapa watu wenye virusi vya hepataitisi B unga wa mmea uitwao Phyllanthus amarus, kimmea kidogo kinachoota kando ya njia hadi huku kwetu Afrika Mashariki, mbegu zake zimejipanga chini ya jani. Walikunywa kwa siku 30. Walipopimwa baadaye, kati ya watu 37 waliokunywa, 22 ile alama ya kirusi haikuonekana tena kwenye damu. Kati ya 23 waliopewa dawa bandia isiyo na kitu, ni mmoja tu. Yaani asilimia 59 kwa asilimia 4! Nikapiga chapa, nikampelekea mjomba ile karatasi. Akaikunja akaiweka kwenye mfuko wa kanzu. Akawa anawaonyesha wateja.

Ndugu zangu, ile karatasi haikuwa ya uongo. Hilo ndilo nataka mulishike. Kila nambari iliyokuwamo ni kweli ilichapishwa. Makosa yangu yalikuwa mawili. Kwanza, sikuuliza kama kwenye ile chupa ya elfu moja na mia tano kulikuwa na huo mmea au la. Sijui mpaka leo, na aliyemuuzia hakuwa na haja ya kusema. Pili, nilisoma karatasi moja nikafunga. Kumbe baada ya 1988 wengine walirudia jaribio lile, Thailand na New Zealand, na kirusi hakikuondoka. Na mwaka 2011 wataalamu walipokusanya majaribio yote ya mimea ya jamii hiyo wakayapitia pamoja, hawakupata ushahidi wa kutosha kuwa inatibu. Yote hayo yalikuwapo kwenye kompyuta ile ile niliyokaa, shilingi moja kwa dakika. Sikutafuta kwa sababu nilikuwa nimeshapata nilichokitaka.

Mjomba alikunywa miezi minane. Nitarudi kwake.

Sasa kirusi ni nini, mpaka kikawa kigumu hivi? Bakteria, kama wale wa kipindupindu au taifodi, ni kiumbe kamili, kina nyumba yake na jiko lake. Ukipiga jiko lake kwa antibayotiki, kinakufa, na jiko lako wewe linabaki salama. Kirusi hakina jiko. Ni kama mpangaji aliyeingia kwako usiku bila kulipa, akakuta sufuria zako, gesi yako na unga wako, akaanza kupika nakala zake. Ukitaka kumpiga yeye tu bila kuvunja vyombo vya mwenye nyumba, kazi ndiyo hapo. Ndio maana antibayotiki haifanyi chochote kwa mafua, na ndio maana dawa za virusi zilichelewa sana duniani. Dawa inayofaa huwa imeshika mahali pamoja: mlangoni kirusi kinapoingia kwenye seli, au jikoni kinapojinakili, au mlango wa nyuma kinapotoka kwenda kwa seli ya jirani.

Je, mmea unaweza kuwa na kitu cha namna hiyo? Unaweza, na sioni ajabu. Mti haukimbii. Ukishambuliwa na fangasi, wadudu na virusi (na miti nayo huugua virusi, muulize mkulima yeyote wa mihogo), silaha yake ni kemikali alizoujaalia Mola wake. Ule uchungu wa mwarobaini, ule ukali wa kitunguu saumu, ndizo silaha zenyewe.

Na mifano ipo. Ile dawa ya homa ya mafua iitwayo Tamiflu, inayofunga ule mlango wa nyuma, ilitengenezwa kwa kuanzia kwenye asidi inayotolewa katika kile kiungo cha Kichina chenye umbo la nyota, ambacho wengine hukitia kwenye biriani. Lakini sikilizeni vizuri. Kile kiungo chenyewe ukikichemsha ukanywa hakitibu mafua. Wanakemia walichukua ile asidi wakaibadilisha hatua baada ya hatua mpaka ikawa kitu kingine. Ni kama kusema kanzu ni pamba. Ni kweli ni pamba, lakini hujaivaa mpaka mjomba wangu aishone.

Mfano wa pili uko karibu zaidi na sisi wa nchi ya majani chai. Mwaka 2006 mamlaka ya dawa ya Marekani ilipitisha marhamu iliyotokana na chai ya kijani, ya kutibu chunjua za sehemu za siri, samahani wazee wangu, zinazoletwa na virusi. Ilikuwa dawa ya kwanza ya mmea kupitishwa na mamlaka ile kwa mfumo wake mpya wa dawa za mimea zinazohitaji cheti cha daktari. Tena tazameni, ni marhamu ya kupaka pale pale. Si kunywa. Ukinywa vikombe kumi vya chai utapata kukosa usingizi tu.

Kwa nini kupaka na si kunywa? Hapa ndipo penye siri ambayo wauzaji hawaisemi. Chai, maganda ya komamanga, magome mengi ya miti, yana ile kitu inayokausha ulimi. Ndiyo hiyo hiyo iliyofanya magome ya mikandaa ya Lamu yasafirishwe zamani kwa kazi ya kutengeneza ngozi. Inashika protini yoyote inayokutana nayo. Ukiiweka kwenye kisahani cha maabara pamoja na virusi, itavishika virusi, navyo vitashindwa kuingia kwenye seli, na mtafiti ataandika kwa haki kabisa kwamba mmea huu unazuia virusi. Ukiinywa, itashika mate yako, itashika maharagwe uliyofuturia, itaishia tumboni. Manjano nayo, bizari ile ya kutia rangi mchuzi, kiambato chake kimefanyiwa utafiti kwa maelfu, na tatizo lake kubwa ni kwamba ukikila ni kidogo mno kinachofika kwenye damu. Kwenye kisahani hakuna tumbo wala ini. Hata sabuni ya kufulia huua virusi kwenye kisahani, na hakuna aliyewahi kunishauri niinywe.

Sasa twende nje kidogo ya hapa tulipokaa. Mkitoka Kibera kwa upande wa Mbagathi Road, kuna KEMRI, taasisi ya serikali ya utafiti wa tiba, iliyoanzishwa 1979. Wengi wetu tunapita pale kila siku kwenda kibaruani na tunadhani ni ofisi tu. Ndani yake kuna kituo cha utafiti wa dawa za asili. Mwaka 2006 watafiti wa pale, akina Festus Tolo na Geoffrey Rukunga na wenzao, walichapisha kazi kuhusu mmea ambao Kiswahili huitwa mtandamboo, Wakikuyu na Wakamba huuita mukawa, Wamasai olamuriaki. Ni kichaka chenye miiba, kina matunda madogo meusi matamu, walioenda mashambani wanayajua.

Walichukua mizizi, wakaijaribu kwa virusi vya hepezi, vile vinavyoleta malengelenge mdomoni na kwingineko, pamoja na aina iliyokuwa imeshakuwa sugu kwa dawa. Kwenye seli ilizuia virusi kwa kiasi kidogo cha dawa, na ilihitajika karibu mara kumi ya kiasi hicho ndio seli zenyewe zianze kudhurika. Hiyo ni alama nzuri. Kisha wakaenda kwa panya. Panya walioambukizwa na hawakupewa kitu, walikufa wote, mia kwa mia. Waliopewa dawa ya mizizi, vifo vilipungua kwa kati ya asilimia 70 na 90. Wallahi mimi niliposoma hiyo nilisisimka. Hii si hadithi ya mtaani, ni kazi ya Wakenya, imefanywa karibu na tunakofuturu, na imechapishwa mbele ya dunia nzima.

Lakini ni panya. Miaka elfu moja iliyopita Ibn Sina, katika kitabu chake cha al-Qanun, aliweka masharti ya kujaribu dawa, na mojawapo ni kwamba dawa ijaribiwe kwa mwanadamu, maanake kilichofanya kazi kwa simba au farasi si dalili kwamba kitafanya kazi kwa mtu. Sisi tunalitaja jina la Ibn Sina kila tukitaka kujisifu kwamba Waislamu walianza utabibu. Ni vizuri, lakini masharti yake tumeyaacha kwenye rafu.

Na sasa sikieni maajabu. Mwaka 2011, miaka mitano baada ya karatasi ya KEMRI, ulitokea mkutano wa watu ambao Afrika Mashariki haijausahau. Kijiji cha Samunge, Loliondo, Tanzania, mchungaji mstaafu, mzee Ambilikile Mwasapile, akawa anatoa kikombe kimoja kwa shilingi 500 za Tanzania. Alisema ameoteshwa, na kwamba kinaponya ukimwi, kisukari, saratani, pumu. Mti aliokuwa akichemsha mizizi yake waliuita mugariga. Wataalamu walipoutazama wakaukuta ni Carissa, ni huu huu mtandamboo!

Watu walienda kutoka Tanzania nzima, na kutoka hapa Kenya na Uganda. Foleni ya magari ilifika kilomita nyingi, mpaka mwezi wa tatu mzee akaomba watu wasije kwa siku kadhaa apumue. Kuna waliotoa wagonjwa wao vitandani hospitalini wakawapeleka, na wako waliofia njiani na kwenye foleni. Kuna waliokunywa kikombe wakaacha ARV zao. Walienda Wakristo, walienda Waislamu, walienda na wakubwa wa serikali. Mzee mwenyewe alifariki mwaka 2021, na kwa haki yake, shilingi 500 si bei ya tapeli. Wako wengi wanaouza chupa kwa maelfu ambao hawastahili kutajwa naye pamoja.

Mtu atasema, basi si KEMRI walishathibitisha? Hapana, na hapa ndipo fitina inapoingia. KEMRI walijaribu hepezi, kwa panya, kwa kipimo kilichopimwa kwa uzito wa mwili, na kwa kurudia. Loliondo ilikuwa kikombe kimoja, mara moja, kwa ukimwi na kisukari na kila kitu. Mti ni mmoja, madai ni mawili tofauti kabisa. Lakini ukitaka kuuza chupa, unachukua karatasi ya dai dogo unaibandika juu ya dai kubwa. Na mimi bila kuuza chochote nilifanya kitu cha namna hiyo kwa mjomba wangu.

Kenya tulishapitia haya kabla Loliondo. Miaka ya tisini, wakati ukimwi hauna dawa na watu wanazikwa kila Jumamosi, ilitangazwa Pearl Omega, dawa ya miti shamba ya Profesa Arthur Obel. Wagonjwa waliuza mashamba. Haikuthibitika. Kule Afrika Kusini waziri wa afya alisifu kitunguu saumu, ndimu na kiazi nyekundu cha bitiruti huku serikali ikichelewesha ARV, na utafiti wa chuo kikuu cha Harvard wa mwaka 2008 ulikadiria kwamba ucheleweshaji ule uligharimu maisha ya zaidi ya watu 330,000. Na ya Korona hamjasahau. Mwaka 2020 Madagascar walitangaza kinywaji cha artemisia, Tanzania ikatuma ndege kukichukua. Artemisia ni mmea wa heshima, umetupa dawa ya malaria, na mama wa Kichina Tu Youyou alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kazi hiyo. Lakini malaria si kirusi. Sisi hapa mtaani tulikuwa na yetu, tangawizi na ndimu na kujifukiza chini ya blanketi. Mimi nilijifukiza, mama alinilazimisha. Nilitoka jasho, na nikapata malengelenge ya mvuke kwenye pua.

Sasa najua mnangoja niseme kuhusu habbasoda. Mtu asinielewe vibaya. Hadithi ya habbasoda ni sahihi, imo kwa Bukhari na Muslim, kwamba ndani yake mna shifaa ya kila ugonjwa isipokuwa mauti. Tumeisoma madrasa na tunaiamini. Lakini ustadh hakutufundisha kwamba tuisome bila maulamaa wake. Al-Khattabi alieleza kwamba tamko ni la jumla na kilichokusudiwa ni mahsusi, kwa kuwa hakuna mmea mmoja uliokusanya tabia zote zinazokabiliana na kila maradhi. Ibn al-Qayyim naye akaeleza namna hiyo. Na katika riwaya ya Bukhari, yule mgonjwa, Ghalib, aliambiwa asage punje tano au saba, azichanganye na mafuta, adondoshewe puani. Kipimo kipo, njia ipo, mgonjwa yupo. Wale maulamaa walikuwa waangalifu kuliko sisi tunaobandika hadithi kwenye chupa kisha tunaandika bei. Na ni Mtume (S.A.W.) huyo huyo aliyeamrisha watu watafute matibabu, hakusema chukueni moja mwache mengine.

Nirudi kwa mjomba. Mwezi wa nane wa kunywa, tumbo likaanza kujaa. Yeye akadhani amenenepa. Akawa anajipanulia suruali mwenyewe, fundi. Halafu macho yakawa manjano, tukakimbia hospitali. Daktari akasema ini limeshapata makovu mengi. Hakutugombeza. Aliuliza tu, "Tangu mjue ni muda gani?" Tukahesabu.

Kilichotuuma ni kwamba dawa ilikuwapo. Tenofovir, kidonge kimoja kwa siku, ni ile ile ambayo imo ndani ya dawa za ukimwi. Haifukuzi hepataitisi B kabisa, lakini inafunga jiko, kirusi kinaacha kujinakili na ini linapata nafasi ya kupumua. Si kila mwenye kirusi anahitaji kuanza mara moja, daktari huangalia damu na ini kwanza. Kama angerudi kliniki ile wiki ya kwanza wangeangalia. Sasa anaimeza, na kwa uwezo wa Mola tumbo limeshuka, amerudi kwa cherehani nusu siku. Makovu mengine ndiyo hayo.

Na kuna kitu kingine tulimfanyia ambacho kinaniumiza hata zaidi ya ile karatasi. Ramadhan ya mwaka ule tulimtengea sahani. Sisi tumekaa kwenye sinia, yeye na sahani yake ya bati na kikombe chake, tunaogopa atatuambukiza. Hepataitisi B haiambukizwi kwa kula pamoja! Ni kwa damu, kwa tendo la ndoa, kwa mama kumpa mtoto wakati wa kuzaliwa, kwa wembe na sindano. Wembe wa kinyozi, ndio. Sinia, hapana. Hakuna aliyetuambia, na sisi hatukuuliza.

Halafu chanjo. Kenya ilianza kuwapa watoto wachanga chanjo ya hepataitisi B mwishoni mwa 2001, ndani ya ile sindano ya magonjwa matano. Wengi mliozaliwa baada ya hapo na mkapelekwa kliniki mumeshachanjwa, kina mama waangalie kadi. Wakubwa waliozaliwa kabla, wengi hawajapata. Kwa mtu mzima ni dozi tatu kwa kawaida: leo, baada ya mwezi mmoja, na baada ya miezi sita. Inafaa kupimwa kwanza.

Naona bado kuna dakika chache, mwenyekiti ameniruhusu nichukue maswali.

Mama mmoja aliuliza: je, niache kumwogesha mtoto kwa majani ya mwarobaini akiwa na tetekuwanga? Mama, mimi mwenyewe niliogeshwa hapo Makina, na maji yale yanatuliza muwasho. Kumwogesha sina neno, mradi maji yasiwe ya moto na asiyanywe. Lakini mafuta ya mwarobaini usimnyweshe mtoto mchanga kamwe. Kuna visa vilivyoandikwa Malaysia na India vya watoto waliopata degedege na kuharibika ini, wengine wakafa. Na mtoto mwenye tetekuwanga asipewe aspirini.

Kijana mmoja: mtu anayetumia ARV, akila kitunguu saumu na habbasoda kuna ubaya? Kwenye chakula, kiasi cha chakula, hakuna shida. Vidonge na mafuta yaliyokolezwa ni jambo lingine. Mwaka 2002 watafiti walipima watu waliokuwa wakitumia vidonge vya kitunguu saumu pamoja na dawa moja ya ukimwi ya wakati ule, saquinavir, wakakuta kiwango cha dawa kwenye damu kimeshuka kwa nusu. Ini likizoeshwa kusafisha kitu kimoja huweza kusafisha na kingine haraka kupita kiasi. Mwambie daktari kila unachokunywa, usione haya. Na kuhusu saumu, dawa nyingi sasa ni kidonge kimoja kwa siku, kliniki watakusaidia kupanga saa baada ya futari. Usiache kumeza kwa sababu umefunga.

Dada mmoja wa chuo: kwa hivyo unatuambia miti shamba haina faida? La, dada yangu. Nikimaliza hii digrii ndio kazi ninayoitaka, mtandamboo au muthiga au mwingine. Ninachokataa ni kuruka kutoka kwa panya mpaka kwa mjomba. Katikati kuna watu wachache wenye afya wanaopewa kwa kupimwa, halafu wagonjwa wachache, halafu mamia, nusu wakipewa dawa na nusu wakipewa bandia bila kujua. Hiyo hula miaka na pesa. Mpaka leo huwezi kwenda duka la dawa ukanunua kidonge cha mtandamboo cha hepezi. Tatizo lingine ni miti yenyewe. Nendeni mkaangalie miiri, ile inayotafutwa kwa dawa ya tezi dume, jinsi ilivyochunwa magome mpaka ikafa. Biashara yake ya kimataifa imewekewa udhibiti tangu 1995. Tukitangaza dawa kabla ya kupanda, hatutakuwa na dawa wala mti.

Mzee mmoja akauliza: na huyo mjomba wako anasema nini kuhusu wewe na ile karatasi? Mzee, yule pale amekaa karibu na mlango, mwenye kofia nyeupe. Karatasi bado anayo. Anasema ananitunzia mpaka siku ya harusi yangu aisome mbele ya wakwe.

Naona muadhini ameshasimama. Wanaotaka kujua wapimwe wapi tuonane baada ya swala, nimeandika kwenye karatasi, na safari hii nimeisoma yote. Tende ziko upande huu. Assalaam aleikum.